Nani Anabaki na Ufunguo

Ulipompelekea begi bovu, hakuuliza limevunjikia wapi. Aliuliza unakwenda wapi, siku ngapi, halafu, huku amekwisha kupiga goti na kuyapapasa magurudumu kama daktari anayetafuta uvimbe, akauliza swali lake lile, "Na nani anabaki na ufunguo?"

Alikuwa fundi wa masanduku kule Gikondo, Kigali, katika kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya gereji mbili na ukuta wa kanisa. Zipu, mipini, makufuli, magurudumu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Sisi wateja tulimwita Fundi, basi. Jina analo, lakini mie sitaliandika hapa, maana hata kwenye risiti hakupenda kuandikwa.

Sasa hayupo. Kibanda amekikodi mtu anayebadilisha vioo vya simu, na kila asubuhi nikipita pale nageuza uso upande wa pili. Nimemkumbuka mno mzee yule, wallahi, na sikujua kwamba nitamkumbuka hivi.

Mie ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Kigali nililetwa na kazi ya kutoa mizigo forodhani, ofisi yetu iko hapo hapo Gikondo. Mara ya kwanza kwenda nchi ya watu kutembea tu, bila kazi wala msiba, nilikuwa nakwenda Addis Ababa. Siku mbili kabla ya safari gurudumu la begi likang'oka. Nikaelekezwa kwa Fundi, nikafika na haraka zangu, nikamwambia, "Mzee, nitengenezee hili, nakuja kulichukua saa kumi."

Akalifungua. Yaani alifungua begi langu mbele ya watu! Akatandika turubai chini akasema, "Toa yote. Tuanze upya."

Nikatoa, huku nimevimba kwa hasira. Taulo tatu. Kilo mbili za unga wa sembe. Sufuria ndogo. Mwavuli. Makoti mawili. Chupa ya dawa ya kikohozi, vidonge vya tumbo, vya kichwa, vya malaria, na vingine ambavyo mwenyewe nilikuwa nimesahau vinatibu nini. Nakala sita za paspoti. Fundi akaangalia ile chungu nzima, akaniangalia mimi.

"Unaenda kutembea ama unahama?"

Mafundi wa gereji wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Yeye hakucheka. Akashika taulo moja akauliza, "Hii ni ya woga gani?"

"Taulo ni taulo, Mzee. Za hoteli sijui nani kajifutia."

"Sawa. Na unga?"

"Nikishindwa chakula chao je?"

"Na hii sufuria?"

"Nitapikia nini huo unga?"

Akaendelea hivyo, kitu kimoja kimoja, na mie nikajikuta namweleza mtu nisiyemjua mambo ambayo hata mama yangu sikuwa nimemwambia. Kwamba naogopa kuugua mahali ambapo sijui kusema "tumbo linauma" kwa lugha yao. Kwamba naogopa begi litapotea nibaki na nguo niliyovaa. Kwamba naogopa nitasimama mbele ya afisa wa uhamiaji niulizwe nimefuata nini, na jibu la "nimekuja kutembea" litaonekana uongo, maana kwetu nani anasafiri kwa kutembea tu? Fundi alisikiliza huku anapaka grisi.

"Woga tatu inatosha mtu mmoja," akasema. "Chagua. Zingine acha hapa."

Nikachagua taulo moja, dawa za tumbo na nakala mbili za paspoti. Unga aliupeleka jirani, kwa mama aliyekuwa akishona majoho ya wanakwaya, wakaupika ugali siku hiyo hiyo. Begi likarudi jepesi, nikaweza kulibeba kwa mkono mmoja. Halafu akataka ufunguo.

"Nikupe ufunguo wa nyumba yangu? Mie nakujua, Mzee?"

"Haunijui," akasema. "Ntakibazo." Yaani, hakuna tatizo. Akarudi kwenye zipu ya mtu mwingine.

Basi nikaenda zangu uwanja wa ndege nikiwa na kiburi chote cha Ujiji. Nikiwa kwenye foleni, jiko la gesi likanijia kichwani. Nimelizima? Nilikaanga mayai asubuhi. Nilizima au nilipunguza tu? Nikaanza kutoka jasho. Mwishowe nikatoka kwenye foleni, nikamkabidhi dereva wa moto, pikipiki za abiria za huku, ufunguo wangu na karatasi yenye namba ya nyumba na ya simu, nikamwambia kimbia Gikondo, kati ya gereji mbili, kuna mzee ana miwani iliyofungwa waya. Kabla ndege haijaruka nikapata ujumbe wa sauti, sauti nzito isiyo na haraka, "Mlango umefungwa. Jiko iko baridi. Kula likizo."

Nikalala njia nzima.

Kumbe hayo maneno alikuwa akiwatumia wengi. Ukutani kibandani alikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari ufunguo wa mtu aliye safarini. Kila ufunguo aliufunga kipande cha kitenge, na kipande kingine cha kitambaa kile kile akakifunga kwenye mpini wa begi la mwenyewe. Kwa njia hiyo begi ulilitambua kwa mbali kule linapozungushwa na wenzake, na yeye alijua ufunguo ni wa nani bila kuandika chochote. Jumapili baada ya misa alizunguka na rundo lake mitaa ya Kiyovu na Kimihurura, akigusa vitasa na kunusa madirishani.

Na alizunguka kwa miguu. Huyo mzee aliyetukaripia tuache woga, yeye mwenyewe hakupanda moto hata kwa dawa. Tulimcheka sana. Mie nilimwambia, "Fundi, mie nakwenda angani na wewe hutaki kupanda hata pikipiki?" Akajibu kwamba angani hakuna gari la mchanga.

Uwanja wa ndege hakuwahi kuuingia, aliishia kwenye maegesho. Lakini aliufundisha kama aliujenga yeye. Alikuja mwalimu mmoja wa hesabu, amesomea shahada mbili, anakwenda likizo huko mbali na lazima abadilishe ndege njiani. Mwalimu alikuwa hali wala halali. Fundi akachora kwa chaki uwanja mzima kwenye sakafu ya gereji. Hapa unashuka, hapa unafuata mshale, hapa usimfuate mtu yeyote hata kama anatembea kwa kujiamini. Akawaweka mafundi wawili kuwa maafisa. Mmoja, mikono yote oili, akamkazia macho, "Umekuja kufanya nini nchini kwetu?" Mwalimu akaanza kujitetea kama yuko kizimbani. Wakarudia mara nne mpaka akaweza kusema kwa sauti ya kawaida, nimekuja kutembea.

Alirudi anang'aa. Akasema kila kitu kilikuwa vile vile, isipokuwa ngazi zinazotembea zenyewe. Fundi hakuwa na habari ya ngazi hizo. Aliumia kweli, akaona wateja wamemficha. Mwezi mzima kila anayerudi aliulizwa: zinatembea namna gani, unaweka mguu upi kwanza, mwisho zinakwenda wapi?

Walikuja pia maharusi wawili wanaokwenda fungate. Walipotoa yote juu ya turubai, ikaonekana kila mmoja kaficha nakala ya paspoti ya mwenzake, maana kila mmoja aliamini mwenzake ndiye atakayepoteza. Bibi harusi akanuna. Fundi akawaambia wamekwisha oana vizuri sana, wafunge begi waende.

Ulipotaka kumletea zawadi alikataa katakata. Shukrani ndefu zilimkera, alizikatisha kwa kupiga nyundo. Kitu kimoja tu alikubali: sabuni ndogo ya hoteli, ile iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa na rafu nzima. Hakuoga nazo. Jioni alichukua moja, akainusa, akauliza mwenye kuileta, "Huko asubuhi kunanuka nini?" Tulidhani ni uzee. Tulicheka hilo pia, Mungu atusamehe.

Mie aliniita Mama Kigoma, ingawa sina mtoto. Kila nilipokwenda nyumbani kusalimia alinituma dagaa, na niliporudi hakuuliza habari za watu, aliuliza habari za ziwa.

"Maji iko vile vile?"

"Yako vile vile, Fundi. Yatakwenda wapi?"

Alikuwa Mnyarwanda aliyelelewa Bujumbura, kando ya Tanganyika hiyo hiyo, na dada yake mkubwa. Dada alibaki kule. Waliongea kwa simu kila Jumamosi, na Jumamosi ya umuganda, asubuhi mji mzima uko kwenye kazi ya pamoja, ungemkuta na jembe bega moja na simu bega jingine. Wakati ule mpaka ulikuwa wazi na mabasi yalikwenda Bujumbura kila siku. Chini ya meza yake kulikuwa na sanduku gumu la kahawia, limefungwa, tayari. Macho ya dada yalikuwa yanafifia. Jicho moja lilikwisha kuzimika, la pili linaona kama mtu anayechungulia kwenye pazia.

"Nataka anione," aliniambia siku moja, mkono uko kwenye cherehani. "Mimi kumuona si shida, macho yangu iko. Yeye anione, wakati bado anaona."

"Sasa unangoja nini?"

Akanionyesha ubao wa funguo. "Na hizi?"

Nikacheka. Nilidhani anatania.

Sasa nifike kwenye pasi, maana siwezi kuikwepa. Nilikwenda Istanbul siku nane. Siku ya pili, nimekaa kitandani hotelini nimeshika kikombe cha chai, ikanijia: nilinyoosha blauzi asubuhi ya safari. Pasi je? Nikaiona kabisa imelala juu ya kitambaa, taa yake nyekundu inawaka, pazia liko karibu. Nikampigia Fundi huku nalia. Nikapiga kelele, nakumbuka. Nikamwambia nyumba inaungua na yeye amekaa tu. Kulikuwa na kelele nyingi upande wake, sikujiuliza kelele za nini. Akasema, "Naenda sasa hivi." Baada ya muda mfupi kuliko kawaida ukaja ujumbe. "Mlango umefungwa. Pasi iko baridi. Kula likizo."

Nikala likizo. Nilipanda boti, nikanunua shali, nikamletea sabuni mbili.

Ilipita zaidi ya mwaka. Siku moja nilikaa na yule mama mshonaji wa majoho tukingoja mvua ikatike. Akasema, kwa kupita tu, akidhani najua, "Tangu siku ile Fundi ashuke kwenye basi kwa ajili ya pasi yako, hajataja tena kusafiri."

"Basi gani?"

Akanieleza. Siku ile Fundi alikuwa Nyabugogo, kituoni, amekwisha kukaa kwenye kiti ndani ya basi la Bujumbura, sanduku la kahawia limepakiwa. Funguo zetu zote alikuwa nazo mfukoni, hakumwachia mtu. Simu yangu ikalia. Akaomba sanduku lake lishushwe, akapanda moto, yeye asiyepanda moto, mpaka kwangu Kimihurura. Basi likaondoka. Akasema atakwenda wiki ijayo. Kabla wiki hiyo haijafika, mpaka wa Burundi ukafungwa.

Sikungoja mvua ikatike. Nikavuka hatua zile chache, nikamkuta anachomelea mpini.

"Pasi ilikuwa baridi, Fundi!"

Alijua mara moja nasema nini. Akazima moto, akavua miwani. "Nilijua iko baridi," akasema. "Lakini wewe haukujua. Ungelala namna gani?"

"Si ungeniambia uko safarini! Si ungenitukana!" Nilikuwa nalia kwa sauti, na mafundi wa gereji wote wametoka nje kutazama. "Dada yako angekuwa amekuona!"

Akaifuta miwani kwa pindo la shati. Kisha akasema polepole, "Mama Kigoma, na mimi nikuambie ukweli. Niliposhuka ile basi nilisikia nafuu. Niliogopa nifike, nisimame mbele yake, na asinione. Nikajisemea, kumbe kuna pasi ya mtu, lazima nishuke."

Nikakaa kwenye begi la mteja. Miaka yote ile tulikuwa tunamwachia woga wetu pale kwenye turubai, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye anaogopa nini. Nilijiona mjinga, nikaona aibu, na nikampenda mzee yule siku ile kama ninavyompenda baba yangu.

"Jicho lake likoje sasa?" nikauliza.

"Anaona kidogo. Asubuhi, kama jua iko kali."

"Basi utakwenda."

"Mpaka umefungwa."

"Huo wa kwenu. Wa kwetu uko wazi. Wewe unapita Rusumo, unaingia Tanzania, unateremka Kasulu mpaka Kigoma. Yeye na mjukuu wake wanatoka Burundi kwa kupita Manyovu, hapo hapo. Mama yangu yuko Ujiji na vyumba vipo. Ziwa si ni lile lile? Wewe mwenyewe umenichosha nalo."

Nikang'oa ubao wa funguo ukutani, misumari na yote, nikaupeleka kwangu. Alinifuata mpaka barabarani akipinga, nami sikugeuka nyuma.

Usiku wa kuamkia safari sikulala mimi, alilala yeye. Lakini kabla ya hapo, jioni, nilikwenda kibandani, nikatandika turubai.

"Toa yote. Tuanze upya."

"Ah, Mama Kigoma."

"Toa."

Akatoa. Majani ya chai, pakiti saba. Redio. Vitenge viwili. Sweta la baridi, na anakwenda Kigoma! Gurudumu la akiba, na sanduku lake halina magurudumu. Nikamuuliza moja moja ni la woga gani, naye akajibu kwa utii mkubwa, sweta la kuugua, redio ya kukosa la kusema, vitenge vya kufika mikono mitupu. Chini kabisa zilikuwa sabuni zote za rafu, zimefungwa kwenye khanga.

"Na hizi, Fundi? Za woga gani?"

"Hizo si za woga," akasema. "Za kunusa. Kama macho itakuwa imeisha, nitampa moja moja, nimuambie hii ni Addis, hii ni Istanbuli, hii ni ya mwalimu."

Nikazirudisha zote sandukuni. Sweta na gurudumu nikavitoa.

Asubuhi Nyabugogo alivaa shati jeupe, viatu amevipiga dawa mpaka vinamulika. Kabla hajapanda nikasimama mlangoni pa basi, nikanyoosha mkono. "Nani anabaki na ufunguo?" Akachekea puani, akautoa mfukoni. Ulikuwa umekwisha kufungwa kitambaa cha bluu, na cha bluu kingine kiko kwenye mpini wa sanduku. Alikaa dirishani. Hakupunga, hakupenda kuagana. Nikaenda kazini.

Kama saa mbili baadaye, niko mezani na makaratasi ya forodha, simu ikalia.

"Mama Kigoma. Tuko Kayonza." Sauti yake sikuitambua, ilikuwa nyembamba. "Sikumbuki kama nilifunga. Na chai ilikuwa kwa jiko. Naona kama sikuitoa. Dereva anasimama hapa, nashuka, nitarudi kesho."

Nikasimama. "Usishuke."

"Nyumba itaungua."

"Fundi, niko hapa kwako. Nimesimama mlangoni."

"Hapo? Sasa hivi?" Akasikiliza. "Hiyo kelele ni ya nini?"

Ilikuwa printa ya ofisini. "Jirani anashona," nikasema. "Mlango umefungwa. Jiko iko baridi. Kula likizo."

Nikasikia konda anaita watu wapande. Halafu Fundi akasema, "Sawa," na simu ikakatika.

Nikatoka mbio sijaaga mtu. Moto ile niliipanda bila hata kuuliza bei. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kanisa, na nilipokata kona nikaona mlango uko wazi, wazi kabisa, kuku wa jirani amesimama kizingitini. Ndani moshi. Sufuria ya chai imekauka na kuwa nyeusi, makaa bado mekundu, na kitambaa cha meza kimeanza kuwa kahawia pembeni. Nikamwaga maji, majivu yakaruka mpaka kwenye nywele zangu. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Kisha nikafagia, nikafunga mlango, nikausukuma mara tatu kama yeye alivyokuwa akisukuma yetu.

Sijamwambia mpaka leo, wala sitamwambia.

Hakurudi. Alikwenda kwa wiki mbili, na mpaka sasa yuko Ujiji, amepanga chumba jirani na mama yangu, yeye na dada yake, na anatengeneza mabegi ya wanaopita kwenda Burundi na Kongo. Jicho la pili la dada lilizimika mvua zilipoanza. Yeye yuko kwetu, anatazama ziwa langu na kumsimulia dada kila asubuhi likoje. Mie niko kwao, na ubao umejaa funguo, na kila Jumapili nazunguka Kiyovu nikinusa madirisha ya watu. Nikifika chumbani kwake nafuta vumbi, nakaa kidogo.

Ninapozidiwa nafungua ujumbe wa sauti alioutuma siku ya tatu ya safari, dada alipofika Ujiji. Hakusema neno. Aliwasha simu na kuishika tu. Kuna upepo, kuna hatua za mtu mzima zinazovuta changarawe, kisha zinasimama. Kuna kimya kirefu, na mie hapo huwa nabana pumzi, ingawa najua kinachofuata. Halafu mwanamke mzee anacheka.

"Eh! Nywele yote nyeupe! Nani amekuzeesha hivi?"